Gesare Asiyepandwa na Homa

Kama kuna mtu aliyewahi kusingiziwa na mwili wake mwenyewe, ni Gesare binti Mirumbe. Si kwamba mwili huo ulikuwa mbovu. Ulikuwa mwili wa kazi, mrefu, wenye mabega ya kubeba, na uso ambao hata ukinuna watu huona kama unajizuia kucheka. Kasoro yake ilikuwa moja tu: haukujua kuchemka. Ugonjwa uliuingia kama mgeni asiyebisha hodi, ukakaa, ukala, ukalala, na walio nje wasijue lolote.

Na kwao, kule milimani upande wa mpakani, mtoto asiyechemka hakuwa na ushahidi. Mvua zikinyesha, malaria iliwapitia watoto wote wa boma lile. Asubuhi mama yao aliwakagua mmoja mmoja, akiweka mgongo wa mkono shingoni. Mwenye joto alibaki amelala na kupikiwa uji, asiye na joto alishika mtungi na kwenda mtoni. Gesare alishika mtungi kila mara. Siku moja miguu ilimwisha nguvu njiani, akaanguka, mtungi ukapasuka, naye akachapwa kwa ajili ya mtungi. Tusimlaumu sana mama yake. Alikuwa na watoto wengi na mkono mmoja wa kupimia, na mkono huo ulimwambia kuwa binti yake ni mvivu.

Aliyegundua ni baba. Mirumbe alikuwa mtu wa ng'ombe, mzito wa maneno mbele ya watu, ila alipokuwa peke yake zizini ungemsikia akisimulia mambo ya nyumba nzima. Huko ndiko alikomkuta Gesare mchana mmoja, amejibanza kwenye ubavu wa ndama, amefumba macho, anatetemeka. Akamgusa, baridi. Akamtazama tena, akakumbuka kwamba hata mara ya mwisho alipokonda vibaya alikuwa amemkuta hapo hapo. Akambeba mpaka nyumbani na kumwambia mkewe, "Huyu akilala na ndama, ni mgonjwa. Usimguse shingo." Tangu hapo Gesare akawa na shahidi mmoja duniani, na mtu mwenye shahidi mmoja anaweza kukua.

Akakua, akashuka kuuza ndizi soko la Suna. Huko akamwona Boaz, mchuuzi wa samaki kutoka Homa Bay, akiteremka na baiskeli nyeusi iliyosheheni mbuta wakavu, kandambili ya mguu wa kulia imebanwa kwenye gurudumu la nyuma badala ya breki. Gesare alicheka mpaka akaketi juu ya ndizi za watu.

"Weh, baba samaki! Hiyo breki ulinunua duka ya viatu?"

Boaz, mpole asiyejua kurudisha neno, alitabasamu tu. Lakini wiki iliyofuata akarudi, na iliyofuata tena, mpaka wenzake wakaulizana ni samaki gani hao wa Suna. Mapenzi yao yalisemwa kwa Kiswahili, kwa sababu Gesare hakujua Kijaluo na Boaz hakujua Kikuria, na ndani ya nyumba yao Kiswahili kikabaki lugha ya siri, ya ugomvi na ya kubembelezana.

Alipoolewa Homa Bay, Gesare alijifunza kukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kupelekwa ng'ambo kwa wenye meno laini. Alikaa kando ya karai la mafuta tangu asubuhi, akageuza, akauza, akatania wateja. Na hapo ndipo alipoanza kujisifu. Wanawake wenzake sokoni wakiangushwa na malaria mmoja baada ya mwingine, yeye aliwaambia, "Mimi mbu wakiniuma wanaomba msamaha." Kilichokuwa aibu ya utoto kikawa fahari ya ukubwa. Binadamu ndivyo tulivyo, tukishindwa kuondoa kitu tunakivaa.

Boaz ndiye aliyejua ukweli. Mwaka wa kwanza wa ndoa mkewe alianguka kando ya jiko, baridi kama siku zote, na alipopimwa damu hospitalini ilikuwa imejaa vijidudu vya malaria. Boaz aliketi kitandani kwake akijiuliza ni ishara gani iliyompita. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Tangu juzi hujanicheka." Ikawa hivyo. Siku Gesare hakumtania asubuhi, Boaz hakwenda kununua samaki, alimpeleka kupimwa kwanza.

Dorine Akoth alizaliwa wakati wa mvua za masika, ndiyo maana ya hilo Akoth. Mama yake Boaz, Bathsheba, Msabato wa kanga safi na sauti ya kanisani, alimpokea mjukuu kwa mikono miwili na kumlaza shavu kifuani. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kupima watoto, shavu kifuani, na kijiji kizima kilimwamini. "Hii iko sawa kabisa," alisema, na ilikuwa kweli.

Siku ya chanjo ya kwanza watoto wote walichemka na kulia hadi kesho yake. Dorine alilala. Gesare alirudi kliniki kwa ya pili akitembea kwa maringo, na wanawake kwenye foleni walipomuuliza siri yake, akajibu, "Huyu ni wangu. Hachemki ovyo."

Basi pepo za baridi zikaanza kuvuma kutoka ziwani. Boaz alikuwa amevuka kwenda kisiwa cha Mfangano kutafuta samaki. Asubuhi hiyo Dorine alishika titi, akanyonya kidogo, akaliacha. Akalala. Akaamka, akanyonya kidogo tena, akaliacha. Gesare akaweka mgongo wa mkono shingoni mwa mtoto, vile vile kama mama yake, na shingo ilikuwa poa.

"Mama, hebu mwangalie," alimwambia Bathsheba.

Bathsheba akaweka shavu. "Nyar Kuria," alisema, yaani binti wa Wakuria, "hii mtoto haina kitu. Mwili yake ni baridi kama maji ya nyungu. Labda ni usingizi tu."

Gesare akaridhika. Hapo ndipo alipokosea, na uchungu wa kosa lenyewe ni huu: dunia nzima ingeweza kudanganywa na shingo ile poa, lakini si yeye. Yeye aliwahi kuanguka na mtungi. Fahari ilikuwa imemsahaulisha.

Kesho yake mzee Mirumbe akafika kumwona mjukuu. Alitoka kwake alfajiri, akabadilisha gari mara mbili, amevaa koti lake zito na kushika kibuyu cha maziwa ya mgando. Ujio wa baba wa mke si jambo dogo kule. Wakwe hawazoeani, huheshimiana kwa mbali, na mkwe halali katika nyumba ya binti yake, lazima arudi siku hiyo hiyo. Lakini kabla ya kurudi lazima ale kuku, na asipokula, nyumba imeaibika. Bathsheba alichinja jogoo wake bora, Gesare akapika, na mtoto akapewa babu amshike wakati sahani zinaandaliwa.

Mirumbe alimlaza mtoto mkononi, akamtazama. Akapiga ulimi kama anavyowaita ndama, sauti ambayo hakuna mtoto asiyeigeukia. Dorine hakugeuka. Akamwinua wakawa uso kwa uso. Mtoto hakutafuta uso. Aliingiza kichwa ndani ya koti, akajisukuma kwapani penye joto, akatulia huko.

Gesare aliingia na sahani ya firigisi, iliyotengwa kwa ajili ya mgeni. Baba yake hakuitazama. Akasema kwa Kikuria, polepole, "Gesare. Huyu analala na ndama."

Gesare aliweka sahani chini. Hakumbuki aliiweka wapi, na baadaye kulikuwa na mabishano kama paka alikula ile firigisi. Alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni huku anatoka mlangoni.

"Nyar Kuria!" Bathsheba aliita kwa mshtuko. "Unaenda wapi? Mkwe hajakula!"

Mirumbe alikuwa ameshasimama. Kwa Kiswahili chake cha minadani, mtu asiyesema sana alisema haya: "Mama, kuku amekufa, hana haraka tena. Mwache aende na mtoto."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui kama waliwahi kuuona msemo wao ukikimbia hivyo, mwanamke mrefu mbele, mzee wa koti nyuma, wanapasua soko la Homa Bay kuelekea hospitali.

Daktari wa zamu aliitwa Nyamweya, kijana mwembamba aliyekuwa na tabia ya kusikiliza huku ameinamisha kichwa upande mmoja. Muuguzi aliweka kipimajoto. Joto la kawaida.

"Daktari," Gesare alisema, "joto litakudanganya. Mimi mwenyewe nikiwa mgonjwa sichemki, tangu utoto. Nafikiri huyu amechukua kwangu. Tafadhali mwangalie bila hiyo."

Nyamweya angeweza kucheka. Hakucheka. Alimvua mtoto nguo, akakitazama kifua chake kwa muda, jinsi ngozi ilivyokuwa ikizama kati ya mbavu kwa kila pumzi, pumzi fupi fupi za haraka. Akasikiliza mgongoni. Kisha akaanza kutoa amri kwa wauguzi kwa sauti ya kawaida, na ni ile sauti ya kawaida iliyomtisha Gesare.

"Ni nimonia, Mama Dorine. Imeshika mapafu yote mawili. Umefanya vizuri kuja."

"Sikufanya vizuri," Gesare alisema. "Jana nilimwona. Nikasema ni wangu, hachemki ovyo." Akalia, yule ambaye soko zima halikuwahi kumwona akilia.

Walimchoma Dorine sindano za penisilini, wakampa hewa kwa mrija mdogo. Nje, gari la mwisho la kwenda Migori liliondoka bila Mirumbe. Hakuweza kulala kwa binti yake, na hakuweza kuondoka. Akaketi kwenye benchi la hospitali, akifikiri kwamba hospitali, kwa vyovyote vile, si nyumba ya mkwe. Bathsheba alipofika alisimama mbali kidogo, kama desturi inavyotaka, akamsalimu, akatanguliza benchini sinia iliyofunikwa kanga. Ndani mlikuwa na kuku na ugali, na juu kabisa, firigisi. Basi na lile la paka likaisha. Mzee akala mpaka mwisho, ingawa hakuwa na njaa, kwa sababu mama yule alikuwa ametembea na aibu yake mpaka pale.

Dorine alianza kunyonya kwa nguvu siku Boaz alipowasili kutoka Mfangano, anahema, samaki wameachwa kwa watu. Gesare alimtazama na hakumtania. Boaz akamgeukia daktari haraka: "Na huyu pia mpime." Lakini malaria haikuwepo. Ilikuwa huzuni tu, na huzuni haina kipimo.

Nyamweya hakuweza kuliacha jambo lile. Kulikuwa na watafiti wa malaria wilayani waliokuwa wakituma damu kwenye maabara za ng'ambo, akawaomba watume na ya mama na mtoto, akieleza anachoshuku. Majibu yalichelewa hata Gesare akasahau. Yalipokuja, daktari alimketisha.

"Mwili ukivamiwa," alisema, "chembe zake hutoa protini ndogo ndogo za kupeleka habari. Ni kama wajumbe. Kuna mjumbe mmoja ambaye akifika, mwili unapandisha joto. Sasa damu yako imejitengenezea kingamwili, hizi ambazo kazi yake ni kukamata wadudu wa ugonjwa. Lakini za kwako zinamkamata mjumbe wako mwenyewe, njiani, kabla hajafika."

"Amezikosea nini?"

"Hakuna anayejua. Si ulogi, si laana, si kitu ulichokula. Huko maabara wamezikuta hata kwa watu wazima wenye afya, waliokuja kutoa damu tu. Wenyewe bado wanabishana ziko kwa nini."

Kumbe kile Gesare alichokuwa akikisifia sokoni ni mwizi wa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa ndani zaidi ya nguo.

"Na Dorine? Naye anajitengenezea?"

"Hapana. Hizi ni zako. Mtoto akiwa tumboni huchota kinga za mama yake kupitia kondo, ndizo humlinda miezi ya kwanza. Alichota za surua, alichota za pepopunda, na hizi akazichota. Hazichaguliwi."

"Kwa hivyo ni mimi nilimnyamazisha."

"Mama Dorine," Nyamweya alisema, kichwa upande, "ulimpa kila ulichokuwa nacho. Na hizi zitaisha. Zinapungua mwezi kwa mwezi, na yeye hatengenezi zingine. Karibu na kutambaa hivi, mwili wake utajisemea wenyewe. Mpaka wakati huo, angalia pumzi yake, angalia anavyonyonya, na ukiwa na shaka uje. Hata ikiwa si kitu, njoo."

Alikuja. Alikuja kwa mafua, alikuja kwa jino, alikuja mara nyingine kwa sababu tu mtoto alikuwa ametulia mno. Nyamweya hakumfukuza hata siku moja. Na kati ya safari hizo kukawa na jambo lililomuumiza sana Bathsheba. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, mkaza mwana wake aliweka mgongo wa mkono shingoni mwa mtoto, akasubiri, kisha akashusha pumzi kama mtu aliyekosa barua. Mwishowe mama mkwe akashindwa kuvumilia.

"Nyar Kuria, nimekuangalia. Wewe unaombea nyathi wetu, mtoto huyu, ugonjwa?"

"Hapana, Mama. Ugonjwa utakuja tu, hauombwi. Namwombea kelele. Nataka siku ukija, apige kelele tusikie."

Bathsheba alifikiri, akatikisa kichwa, akaenda zake. Lakini kuanzia siku hiyo naye alianza kuweka shavu kifuani kwa mtoto jioni, na kukaa hapo kwa muda mrefu kuliko zamani.

Vuli ikaingia. Dorine alikuwa ameanza kutambaa, anakula majivu, anavuta mikia ya samaki. Alasiri moja Gesare alikuwa kwenye karai lake sokoni, mtoto amefungwa mgongoni, wateja wamejaa. Alihisi joto mgongoni. Alidhani ni jiko, akasogea hatua chache. Joto likamfuata. Akaacha kijiko, akatoka kabisa kwenye kibanda, akasimama mahali penye upepo wa ziwani. Upepo ulimpoza uso, ukampoza mikono. Mgongo uliendelea kuwaka, kuanzia mabegani hadi kiunoni, umbo lote la mtoto mdogo.

Maisha yake yote Gesare alisikia homa ikisimuliwa na wengine. Hakuwahi kuijua ilivyo. Siku ile ilimjia kupitia ngozi ya mwanawe, ikamlalia mgongoni, na alijua ni yenyewe.

"Anachemka!" alipiga yowe. "Jamani, anachemka! Mama! Njoo, mtoto anachemka!"

Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na wanawake wa soko wakatazamana, kwa maana hawakuwahi kuona mtu akishangilia homa. Bathsheba alikuja mbio kutoka kwa wauza mboga, akamnyakua Dorine, akaweka shavu kifuani, na akaliondoa mara moja.

"Liet!" alisema. Moto. Kisha akasahau umri wake, akajifunga kanga, na wote wawili wakakimbia hospitali huku mafuta yakiungua.

Nyamweya alikiweka kipimajoto, akakisoma, akakiinua kuelekea dirishani akisome tena. "Malaria," alisema baada ya kupima damu. "Imewahiwa mapema sana. Atapata dawa na atalala kwake leo." Alijaribu kusema kidaktari, lakini tabasamu lilimshinda.

Boaz alifika wakati Dorine anatemea dawa chungu nguo za bibi yake. Alikuwa ameambiwa sokoni kwamba mkewe amepiga yowe na kukimbia na mtoto, hakuambiwa zaidi. Aliendesha baiskeli mteremko wote ule bila kupunguza, na mlangoni akaisimamisha kwa mguu. Uso wake ulikuwa na vumbi na hofu. Alimgusa mtoto, akashtuka kwa lile joto. Kisha, kwa mazoea, akamgusa mkewe shingoni, na shingo ilikuwa poa kama kawaida, shingo isiyomwambia mtu lolote.

"Na wewe?" aliuliza. "Uko sawa?"

Gesare alimtazama kuanzia kichwani, taratibu, mpaka chini. Mguu wa kushoto ulikuwa na kandambili. Wa kulia ulikuwa mtupu.

"Baba Dorine," alisema, "hiyo breki yako imebaki barabara gani?"

Boaz aliketi sakafuni pale pale, mgongo ukutani, akafunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Dorine, aliyekuwa akilia kwa nguvu zake zote, alinyamaza kidogo kumtazama baba yake, kisha akaendelea kulia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.